Bastola za plastiki: jina la kiwanda linabeba kiasi gani?

Mfanyabiashara mmoja wa maharage kutoka Kasulu alitupigia simu wakati wa kipindi chetu cha usalama wa raia. Anataka kuomba kibali cha kumiliki bastola ya kujilinda, kwa sababu siku za gulio hutembea na fedha taslimu. Swali lake halikuwa kama aombe au asiombe. Aliuliza: achukue bastola ya chuma kama zile za zamani, au hizi za sasa zenye mwili wa plastiki? Ameambiwa na watu kwamba Glock haijawahi kumsumbua mtu, na kwamba Ceska ni Ceska tu, iwe ya zamani au mpya.

Hewani tulikuwa na dakika tatu, zisizotosha. Tangu siku ile wasikilizaji wengine kutoka Kibondo nao wameuliza jambo hilohilo kwa ujumbe mfupi. Tumeona tuliandike hapa kwa urefu.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Glock ilipata jina lake kwa haki, na jina hilo lilitokana na hiyohiyo bastola ya plastiki. Lakini viwanda vingine, vyenye majina makubwa na ya zamani kuliko Glock, vilijikwaa vilipohama kutoka chuma kwenda plastiki. Na kwa bastola yoyote, ajali nyingi huanzia mkononi mwa aliyeishika.

Plastiki yenyewe iko wapi?

Watu wakisikia "bastola ya plastiki" hufikiria kitu kama mwanasesere. Sivyo. Bastola ya kisasa ina sehemu kuu mbili. Ya chini ni fremu, yaani mwili wenye mshikio, triga na nafasi ya kuchomeka magazini. Ya juu ni kipande kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, na ndani yake umo mtutu. Katika bastola tunazozizungumzia, ni fremu peke yake iliyotengenezwa kwa polima, aina ya plastiki ngumu ya jamii ya nailoni. Kipande cha juu, mtutu, springi na pini inayogonga risasi vyote ni chuma. Mlipuko wa risasi unabebwa na chuma, na fremu kazi yake ni kushikilia vitu mahali pake.

Faida ya kwanza ni uzito. Glock 17 isiyo na magazini ina gramu 600 na kitu. CZ 75, ile bastola ya chuma ambayo wengi huiita Ceska, inakaribia kilo moja. Anayeivaa kiunoni kutwa nzima anaijua tofauti hiyo. Faida ya pili ni kwamba polima haishiki kutu.

Kuna uvumi kwamba bastola hizi hazionekani kwenye mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege. Uvumi huo ulianza Marekani miaka ya 1980, na sinema zikauongezea chumvi. Si kweli. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa Glock ni chuma, na mashine inauona mtutu na kipande cha juu kama inavyoviona vya bastola nyingine yoyote.

Jina la Glock lilitoka wapi?

Gaston Glock, raia wa Austria aliyefariki Desemba 2023, hakuwa fundi wa bunduki. Kampuni yake, iliyoanzishwa mwaka 1963 katika mji wa Deutsch-Wagram, ilitengeneza vitu vya plastiki na chuma, zikiwamo fimbo za mapazia, na baadaye visu na vifaa vya kuchimbia vya askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Austria lilitafuta bastola mpya ya kuchukua nafasi ya Walther P38, silaha ya tangu Vita Kuu ya Pili yenye risasi 8 kwenye magazini. Glock aliwaita watu waliozijua bastola, akawauliza wanataka nini, kisha akabuni ya kwake.

Mwaka 1982 bastola yake ilishinda majaribio ya jeshi mbele ya viwanda vikongwe vya Ulaya. Magazini yake ilibeba risasi 17 za milimita 9, na vipuri vyake vyote ni takribani 34, vichache kuliko vya washindani wake. Jeshi la Norway lilifuata, kisha polisi wa miji mingi ya Marekani. Mwaka 2013 Uingereza iliagiza Glock zaidi ya 25,000 kwa ajili ya majeshi yake, ikaipumzisha Browning, bastola ya chuma iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935.

Kwa hiyo sifa ya Glock haikuletwa na tangazo. Ililetwa na majaribio ya matope, mchanga, maji na maelfu ya risasi, yaliyofanywa na wanunuzi wenye uwezo wa kusema hapana. Wahenga walisema chema chajiuza.

Hata hivyo, mwenye jina naye hurekebisha. Mwaka 2010 Glock ilitoa kizazi cha nne cha bastola zake. Mwaka uliofuata ilitangaza kubadilisha bure springi ya kurudisha kipande cha juu, baada ya baadhi ya bastola hizo kukwama. Kizazi cha tatu hakikuwa na shida hiyo. Mtu aliyenunua kwa kuangalia jina tu hakuwa na namna ya kuijua tofauti. Aliyefuatilia toleo alijua apeleke bastola yake ikabadilishwe.

Wenye majina makubwa walipohamia kwenye plastiki

Glock haikuwa ya kwanza kutumia polima. Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa bastola ya VP70 mwaka 1970. Kiwanda hiki ndicho kilichojenga jina kwa bunduki ya G3, ambayo wanaofuatilia habari za Kenya wanaifahamu kama silaha ya polisi wa nchi hiyo. Lakini VP70 ilikuwa na triga nzito kuvuta, na haikupendwa. Jina la G3 halikuiokoa. Ilibidi kiwanda kisubiri hadi mwaka 1993, kilipotoa USP, ndipo bastola yake ya polima ikapata heshima.

Tuje kwa Ceska, jina linalosikika zaidi Afrika Mashariki. Ukisoma magazeti ya Kenya utakutana na "bastola aina ya Ceska" mara kwa mara, iwe mikononi mwa polisi au iliyonaswa kwa wahalifu. Neno lenyewe linatokana na Česká zbrojovka, maana yake kiwanda cha silaha cha Kicheki. "Česká" ni "ya Kicheki" tu. Kusema umenunua Ceska ni kama kusema umenunua pikipiki ya Kihindi: umetaja ilikotoka, lakini hujasema ni ipi.

Iliyoleta sifa hiyo ni CZ 75, iliyotoka mwaka 1975, yote chuma, na ikaigwa na viwanda vingi duniani. Jericho ya Israel, ambayo nayo imeingia polisi ya Kenya, ilijengwa juu ya muundo huo. Mwaka 1995 Wacheki walitoa bastola yao ya kwanza ya polima, CZ 100. Haikufikia sifa ya kaka yake, na mwishowe ikaachwa. Ndipo mwaka 2009 ikaja P-07, na mwaka 2017 ikaja P-10 C. Hizi zimepokelewa vizuri zaidi. Kwa hiyo anayesema Ceska ni Ceska tu anaziweka kapu moja bastola zenye historia tofauti.

Mfano wa tatu ni SIG Sauer, kampuni yenye asili ya Uswisi na Ujerumani. P226 yake ya miaka ya 1980 ilichukuliwa na makomandoo wa jeshi la majini la Marekani, ikawa kipimo cha ubora. Mwaka 2014 kampuni ilitoa P320, yenye fremu ya polima. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua mbele ya Glock. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huohuo, ilionekana kwamba toleo la kiraia la P320 likianguka kwa pembe fulani linaweza kufyatua risasi lenyewe. Kampuni ilitangaza maboresho ya hiari bila malipo.

Mambo hayakuishia hapo. Askari polisi na raia kadhaa wa Marekani wamefungua kesi wakidai P320 zao zilifyatuka zikiwa kiunoni bila triga kuguswa. Kampuni inakana, ikisema bastola hiyo haifyatuki bila kuvutwa. Baadhi ya kesi zimetupwa. Nyingine, mwaka 2024, ziliisha kwa walalamikaji kupewa fidia katika majimbo ya Georgia na Pennsylvania. Mabishano hayo yanaendelea kortini, na sisi si mahakama. Tunalojifunza ni dogo: sifa ya P226 haikutosha kujibu maswali kuhusu P320. Kila toleo hutoa ushahidi wake.

Pale ambapo mkono ndio wenye makosa

Tumesema Glock ilistahili jina lake. Sasa tuseme upande wa pili, kwa sababu ndio unaomhusu zaidi msikilizaji wetu.

Wengi wetu huku, kama tumewahi kushika silaha kihalali, tumeishika kwenye mafunzo ya mgambo. Tulifundishwa kwa SMG au SAR. SMG ina kitasa kikubwa upande wa kulia: kikiwa juu, silaha imefungwa na triga haivutiki. Mkono unazoea kukitafuta kitasa hicho kabla ya jambo lolote.

Glock ya kawaida haina kitasa cha namna hiyo. Ina vizuizi vitatu vya ndani vinavyofanya kazi vyenyewe. Kimoja kipo kwenye triga, kingine kinaizuia pini, na cha tatu kinazuia bastola isifyatuke inapoanguka. Vyote vitatu huachia pale triga inapovutwa sawasawa. Ukivuta, inapiga. Haijui kama umevuta kwa makusudi, au kidole kimeteleza, au ncha ya shati imenasa wakati unairudisha kiunoni.

Jiji la Washington, Marekani, lilijifunza hilo kwa gharama. Polisi wake walihamia Glock mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba katika miaka kumi ajali za risasi kutoka bila kukusudia zilipita 120. Bastola zilikuwa zilezile zinazosifiwa duniani. Kilichopungua kilikuwa mafunzo: askari wengi waliajiriwa kwa haraka, na mazoezi yao hayakutosha kwa silaha isiyo na kitasa.

Kuna jambo jingine la kuangalia wakati wa kusafisha. Ili kuifungua Glock, mwenye nayo hulazimika kuvuta triga baada ya kuhakikisha haina risasi. Mtu akitoa magazini na kusahau risasi moja iliyobaki ndani ya mtutu, risasi hiyo itatoka. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza utaratibu mmoja usiobadilika: toa magazini kwanza, vuta kipande cha juu nyuma, tazama ndani kwa macho, gusa kwa kidole, na muda wote mtutu uelekee mahali pasipo na mtu.

Vumbi, masika na nyumba zetu

Polima haishiki kutu, lakini tusisahau kwamba sehemu iliyobaki ni chuma. Nyanda za juu za Kigoma zina mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na kiangazi chetu kina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati. Springi ya magazini, mtutu na risasi zenyewe huathiriwa na unyevu. Bastola iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi miezi mitatu ya mvua bila kufutwa, hata iwe ya kiwanda gani, inaweza kukuangusha siku unayoihitaji. Ngozi hutunza unyevu.

Waendesha bodaboda wanaielewa hoja hii bila kuhubiriwa. Pikipiki ya jina zuri iliyowekewa vipuri bandia na isiyobadilishwa oili, hailingani na ya jina la kawaida iliyotunzwa.

Na kuna historia yetu. Sisi tuliokulia huku tunakumbuka, tukiwa watoto, mabasi ya Kasulu na Kibondo yakisubiriana ili yapite msituni pamoja, yakiwa na askari ndani. Vita vya Burundi na Kongo viliacha silaha nyingi katika ukanda huu, na wahalifu wa pande zote za mpaka walizitumia. Zilikuwa hasa bunduki za kivita. Sambamba na hizo yalikuwapo magobore ya kufuliwa na mafundi wa vijijini, yanayotumika hadi leo katika uwindaji haramu. Hapakuwa na aliyeuliza gobore limetoka kiwanda gani. Liliua vilevile.

Ndiyo maana serikali ilitoa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba 2023. Walioshika silaha bila kibali waliruhusiwa kuzirudisha bila kushtakiwa. Jeshi la Polisi limekuwa likikumbusha pia kwamba silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba. Familia inapaswa kuipeleka polisi, na anayetaka kuimiliki aombe kibali chake mwenyewe.

Umiliki unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali ni cha mtu na silaha yake. Hakiazimishwi kwa shemeji anayesafiri, wala kwa mlinzi wa ghala. Maombi huanzia ngazi ya chini, ambako wanaokufahamu wanaulizwa tabia yako, yakapanda hadi kamati za ulinzi na usalama na polisi. Mwombaji ajiandae kueleza kwa nini anahitaji silaha, na ataitunza wapi.

Maswali yanayotangulia jina

Kwa aliyekwisha amua kuomba, hivi ndivyo tungepanga maswali.

La kwanza, je, fedha hizo lazima zibebwe mkononi? Wanunuzi wengi wa mazao sasa hulipana kwa simu au benki. Hatari unayoipunguza kwa njia hiyo haihitaji risasi.

La pili, mafunzo utayapata wapi, na utarudia mazoezi mara ngapi? Bastola isiyo na kitasa cha kufungia inamdai mwenyewe zaidi kuliko yenye kitasa. Zipo bastola za polima zenye kitasa pia. Kwa mtu aliyezoea SMG ya mgambo, hilo ni la kufikiria kabla ya jina.

La tatu, ni toleo gani hasa? Usikubali kuambiwa "ni Glock" au "ni Ceska". Uliza jina kamili la toleo na kizazi chake, kama kiwanda kiliwahi kulirudisha kwa marekebisho, na kama hiyo unayopewa ilirekebishwa. Uliza pia vipuri na magazini halisi vitapatikana vipi.

La nne, namba ya silaha inalingana na nyaraka? Bastola ya jina kubwa inayouzwa kwa bei ya kutupa nyuma ya duka haina jina lolote mbele ya sheria. Ina kesi tu.

La tano, usiku inalala wapi? Chini ya mto si mahali. Juu ya kabati si mahali, kwa mtoto anayejua kupanda kiti.

Tulimpigia tena yule mfanyabiashara wa maharage tukamsomea orodha hii. Alisikiliza hadi swali la nne bila kusema neno. Kwenye la tano alicheka kidogo, akasema nyumba yake ina vyumba viwili na watoto wanne, na kabati lililopo halina kitasa tangu mwaka juzi. Fomu bado hajaijaza. Kwanza, alisema, anamtafuta fundi wa kufuli.